Muulize Shangazi: "Huduma nzuri", kasema nani?

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu mwishoni kabisa, kwamba ukitaka kujua kituo cha kutibu waraibu kinafanya kazi au kinapiga picha tu za kuweka fesibuku, waulize waliotibiwa pale. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimeingia mpaka simu ikaanza kulalamika imejaa, wengine wananiunga mkono, wengine wananitukana kwa adabu. Nimechagua nne, nimezifupisha, majina ya watu na ya vituo nimeyatoa maana hapa hatuanikani. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nimekaa miaka kibao kama nesi nyuma ya dirisha la dozi ya methadoni, ile dawa anayokunywa mraibu wa heroini kila siku badala ya unga, kabla sijastaafu, kwa hiyo mengine nasema niliyoyaona na mengine ni ya kusoma.

*Shangazi habari za saa hizi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Temeke, kijana wangu wa pili ana miaka 26 na huu ni mwaka wa nne anatumia unga, ameshauza mpaka mtungi wa gesi chakula kikiwa jikoni. Ndugu tumechangishana tumpeleke soba hausi, zile nyumba wanazokaa mpaka waache, tukaenda kuangalia moja huko nje ya mji. Meneja katupokea vizuri sana, katuonyesha kaunta buku ya maoni, imejaa, kila aliyeandika anasifia, "nimezaliwa upya", "Mungu awazidishie", halafu vijana wawili wakaja kutoa ushuhuda, wakalia na mimi nikalia. Baba yake hakulia. Kwenye daladala ananiambia hao wamo humo humo ndani, walitegemewa waseme nini? Sasa Shangazi nani yuko sahihi, mimi au yeye? – Mama mchovu, Temeke*

Mama mwenzangu pole, na hilo la mtungi limenichoma maana nalijua. Baba yuko sahihi, ila wewe pia hujakosea kulia, wale vijana inawezekana kabisa walisema kweli yao. Siyo kwamba walidanganya. Shida ni kwamba wameulizwa mbele ya mtu anayeshika funguo, na wameulizwa mapema mno. Kijana aliyekaa ndani siku 60 hajakutana bado na maskani yake ya unga, hajapita ile kona, hajapigiwa simu na yule rafiki. Kumuuliza huyo kama matibabu yamefanya kazi ni sawa na kuwauliza wageni wa harusi pilau ilikuwaje wakati bado wameshika sahani na bwana harusi amesimama pembeni anawaangalia.

Na kuna wengine ambao hukuwaona kabisa, ambao ndo wangekuambia mengi kuliko hao wawili. Walioruka ukuta wiki ya pili, waliorudishwa nyumbani kwa sababu ada ilikwisha, waliomaliza miezi yote wakatoka na cheti kisha wakarudi kwenye kete ndani ya wiki. Kaunta buku haina ukurasa wao, mtu anayeondoka usiku na ndala mkononi hapitii ofisini kuandika maoni.

Hiyo kaunta buku yenyewe lakini usiidharau, irudie uisome vizuri. "Nimezaliwa upya" haikwambii kitu, inaweza kuandikwa kwenye kituo chochote hata ukutani kwa kinyozi. Tafuta walioandika vitu vya kushikika, kwamba nesi wa usiku alikaa na mimi nikiharisha, kwamba mshauri alinitafuta baada ya mazishi ya bibi. Tafuta malalamiko pia, maana nyumba inayokaa wanaume 30 walioacha unga juzi halafu miaka miwili nzima haina hata mmoja aliyelalamikia maharage, hapo kuna mtu anahariri. Mimi huwa naigeuza kaunta buku nachungulia kwenye uti wake, kurasa zikichanwa huacha meno.

Ningekuwa mimi ningemwambia meneja, kwa heshima tu, nipe simu ya mtu aliyetoka hapa mwaka mmoja uliopita au zaidi, na ukiweza nipe na ya mmoja aliyeondoka kabla ya kumaliza, waulize kwanza kama wako tayari kuongea na mimi. Akisita sana jibu umepata. Akikupa, kutaneni hata kwenye mgahawa wa chai, na usimuulize kama "pale pazuri", atasema pazuri tu. Muulize, siku ya kwanza ulipofika ulifanyiwa nini? Arosto, yale mateso ya kukosa unga, ilipokushika usiku nani alikuja, na alikuja na nini mkononi? Ukikosea adhabu ilikuwa ipi? Uliruhusiwa kupiga simu nyumbani bila mtu kusikiliza? Uliposema unataka kuondoka ikawaje? Na ulipotoka, nani alikutafuta wiki ya kwanza? Ukiona kwenye swali la adhabu anacheka kidogo halafu anaangalia kikombe chake, usimlazimishe aendelee, umeshaelewa. Shirika la Afya Duniani na ile ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya walitoa viwango vyao vya matibabu, toleo la 2020, na humo wamesema wazi matibabu yawe kwa ridhaa ya mtu na hadhi yake ilindwe, kwa hiyo mnyororo na fimbo havina jina jingine, hata wakiviita nidhamu.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza ila nalisema kwa sababu ni la uhai. Mtu akikaa miezi bila unga mwili unasahau kuuhimili, akitoka akapiga kile kiasi alichozoea zamani anaweza kulala asiamke. Kwa hiyo kila kituo utakachokwenda waulize wanawafundisha nini vijana kuhusu hilo kabla ya kuwafungulia geti, na waulize kama wanajua naloksoni, ile dawa ya kumrudisha mtu aliyezidisha. Na kabla hamjalipa hiyo michango mnajua kwamba hapo hapo Temeke hospitali ina kliniki ya methadoni? Ni bure, na kwa mtu wa unga ina ushahidi mkubwa wa kupunguza vifo. Ukitaka ushauri kabla ya kwenda, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya wana namba ya bure, 119. Sikuzuii soba hausi, zipo zilizowasaidia watu ninaowafahamu, nasema tu kijana aonyeshwe milango yote miwili na yeye mwenyewe aulizwe anataka upi, maana katika barua yako yote umenieleza wewe, baba, meneja na vijana wawili wa ushuhuda, yeye sijamsikia.

*Shangazi nakuheshimu lakini hapa umechemka. Teja ni teja. Mimi kaka yangu alituapia msahafu mkononi kwamba ameacha, kumbe kete iko kwenye soksi. Leo mtu kama huyo ndo apime ubora wa hospitali? Atamsifia anayempa dawa nyingi atamponda anayembana. – Mdogo mtu, Morogoro*

Mdogo wangu, kaka yako alidanganya kwa sababu ukweli ungemgharimu kitanda, chakula na heshima yake mbele ya mama. Hata wewe bosi akikuuliza kwa nini umechelewa unasema foleni. Mwaka 1998 mtafiti mmoja wa Australia, Shane Darke, alikusanya tafiti zilizolinganisha maneno ya wanaojidunga na vipimo vya mkojo na kumbukumbu nyingine, akakuta maneno yao kwa ujumla yanaaminika. Sharti lipo, mtu ajue jibu lake halitamfukuzisha wala halitafika polisi.

Ila nusu ya pili ya meseji yako naikubali. Kuridhika siyo kupona. Kituo kinachoacha kila mtu afanye anavyotaka kinaweza kupendwa sana, na nesi anayekataa kukupa dozi ukiwa umelewa chakari anaweza kuchukiwa siku hiyo na akawa ndo amekuokoa. Ndo maana hakuna mwenye akili anayepima kituo kwa maoni peke yake, unaweka na wangapi wapo bado baada ya miezi sita, vipimo vya mkojo, wangapi wamefariki, wangapi wamerudi kazini. Na bado, huko Marekani watafiti waliofuatilia wagonjwa waliotibiwa miaka ya 90 waliandika mwaka 2008 kwamba waliosema wameridhika walipokuwa wanaondoka walikuwa na hali nzuri zaidi mwaka mmoja baadaye. Haina maana furaha ndo iliyowaponya. Ila ukitaka kulitupa neno la mgonjwa lote kapuni, hapo unatupa kitu chenye thamani.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni nesi katika kliniki ya methadoni huku Pwani ya Kenya. Tumeagizwa kila miezi mitatu tukusanye maoni ya wateja, ripoti iende juu. Tumeweka sanduku, tena tumebandika zile sura tatu, ya kucheka, ya kununa na ya katikati, kila mteja akishakunywa dozi anaweka kizibo cha chupa chini ya sura anayoitaka. Kila mara karibu wote wanacheka. Lakini Shangazi, wengi wa hao wanaocheka mwezi unaofuata siwaoni tena. Mkubwa wangu amefurahi sana na hizo sura, mimi usingizi sipati. Nifanye nini na bajeti hatuna? – Nesi wa Pwani*

Marahaba mwanangu, na huo usingizi unaokosa ndo kazi yenyewe.

Ngoja nikupe kisa cha sanduku letu. Tulikuwa nalo, la mbao, zuri, limepakwa rangi ya bluu, kufuli ndogo ya kichina, limetundikwa ukutani juu ya meza ya mlinzi. Funguo anakaa nayo mkuu wa kituo. Lilikaa miezi minne ndo mtu akakumbuka kulifungua, tukakuta karatasi tatu, mbili zimeandikwa ahsanteni kwa huduma kwa mwandiko unaofanana kabisa na wa kijana mmoja wa kwetu mapokezi, ya tatu risiti ya duka la dawa, na maganda ya pipi. Ripoti ikaandikwa kwamba maoni yote yaliyopokelewa yalikuwa chanya. Na hesabu haikudanganya, mbili kati ya mbili!

Baadaye akaja mwelimishaji rika mmoja, mtu aliyepita pale pale dirishani kwetu miaka ya nyuma, akasema nipeni benchi. Akaliweka chini ya mwarobaini nje ya geti, mbali na mlinzi, akawa anaita mmoja mmoja baada ya dozi, kila wa kumi kwenye foleni ili asichague rafiki zake. Hakuandika jina. Hakuwauliza huduma ikoje, aliwauliza kitu kimoja tu, "wiki hii siku gani ilikuwa ngumu zaidi kufika hapa, na kwa nini?" Jioni ya siku ya kwanza alikuwa na kurasa sita. Wanaume wa soko la samaki wanasema sisi tunafungua saa moja na nusu asubuhi wakati boti zinashusha alfajiri, kwa hiyo kila siku wanachagua dozi au kibarua, na mtu mwenye watoto mwishowe anachagua kibarua. Wa mbali wanasema nauli, kwenda na kurudi kila siku ya Mungu. Wawili watatu wakamtaja mwenzetu mmoja, kwamba akiwapa kikombe anakisukuma kwa kidole kimoja kama anamlisha mbwa. Sisi tulikuwa tunafanya naye kazi kila siku, hatujawahi kukiona hicho kidole.

Sasa tofauti ya kizibo na benchi uione mwenyewe. Kizibo kinawekwa dirishani, mbele ya aliyekupa dozi, ambaye kesho utamhitaji tena saa ile ile. Nani ataweka kununa? Pia kwa mtu aliyekuwa anafukuzwa kila mahali, kuitwa jina lake tu na kupewa kiti ni jambo kubwa, anacheka kwa dhati kabisa, na bado nauli ya kesho hana. Shukrani inakaa pamoja na shida kichwani mwa mtu mmoja, wewe ukiuliza kwa sura tatu unapata shukrani tu.

Kwa hiyo badilisha swali. Wenzetu walishahangaika na hili zamani, Wamarekani tangu 1979 wana fomu yao ya maswali manane inaitwa CSQ-8, kila swali alama 1 mpaka 4, inatumika kwenye huduma za aina nyingi, na ugonjwa wake ni huo huo wako, watu wanarundikana juu. Waingereza wakatengeneza ya waraibu hasa, TPQ, maswali kumi, nusu kuhusu wahudumu na nusu kuhusu matibabu yenyewe, na ujanja wake ni kwamba baadhi ya sentensi zimeshalalamika kwa niaba yako, mfano kwamba wahudumu siyo kila mara wameelewa msaada ninaoutaka, au baadhi ya sheria za hapa sizipendi, wewe kazi yako ni kukubali au kukataa. Mtu mwenye haya za kipwani ambaye hawezi kuanzisha lawama anaweza kuitikia lawama iliyoanzishwa na karatasi. Ijaribu uone.

Halafu tenganisha vitu viwili ambavyo ripoti nyingi zinavichanganya, umehudumiwaje, na umekuwaje. Hiyo ya pili ndo watu wa juu wanaisahau. Kuna fomu nyingine ya Uingereza naipenda sana, inaitwa SURE, imetoka King's College London mwaka 2016, maswali 21 kuhusu wiki iliyopita, na waliotumia huduma wenyewe walishirikishwa kuamua kipi kiulizwe na kwa maneno gani. Ndo maana ukiisoma unga na pombe ni sehemu moja tu, mengine ni umelala vizuri, umekula vizuri, unaelewana na watu, una pa kukaa, una kipato, watu wamekuheshimu. Mimi nilipoisoma nilikumbuka mzee mmoja wetu, alikuwa anatimiza mwaka kwenye methadoni tukamuuliza kwenye sherehe nini kimebadilika, sisi tunasubiri aseme ameacha kujidunga, yeye anasema "siku hizi mwenye duka ananikopesha". Hicho kipimo hamna kwenye ripoti yoyote ya wizara.

Ila usiichukue ya kizungu ukaitafsiri kama ilivyo. Sisi tulijaribu kuuliza "wiki hii umepata hamu?" vijana wakaanza kucheka na kugongana mabega, wamefikiri tunauliza mambo ya chumbani, ikabidi tubadilishe tuseme "wiki hii unga umekuita mara ngapi?" hapo kila mtu akaelewa. Wewe na watu wako wa Pwani mnajua mnavyoongea, kaa na wateja watano, soma swali kwa sauti, waambie wakwambie wamesikia nini. Soma kwa sauti na siku ya kuuliza yenyewe pia, kuna wasiojua kusoma ambao watajaza tu ili wasiaibike.

Wanawake wakae peke yao, tena waulizwe na mwanamke. Kwenye foleni zetu ni wachache sana, ukichanganya majibu yao na ya wanaume wanapotea kama chumvi kwenye bahari. Wao wana yao, mtoto mgongoni, wanaume wanaowagusa kwenye foleni, na kuna lile ambalo halisemwi mbele ya watu, kwamba unga huwa unasimamisha siku zao, wakitulia kwenye methadoni siku zinarudi, na mtu aliyedhani hawezi tena kushika mimba anashtuka ana mimba. Kama hakuna aliyewaambia mapema hiyo ni kasoro ya huduma, na hamtaiona kwenye kizibo.

Sasa wale uliosema huwaoni tena. Hao ndo dodoso lako halisi. Chukua rejista, toa waliokosa siku 30, wape waelimishaji rika, mashirika yenu ya Pwani wanao watu wanaoingia maskani kila siku, waende na maswali matatu tu, ulituacha lini, nini kilitokea wiki hiyo, na nini kingekurudisha. Hata ukiwapata kumi tu watakufundisha kuliko vizibo mia nne. Jiandae kusikia vitu ambavyo wewe utaviona vidogo, mmoja atakwambia alikosa siku chache kwa ajili ya msiba bara, aliporudi akaambiwa lazima aanze na dozi ndogo, jambo ambalo kitaalamu ni sahihi kabisa maana uwezo wa mwili kuihimili umeshashuka, ila hakuna aliyemweleza kwa nini, akaona ni adhabu, akaondoka. Dozi ndogo ilikuwa lazima. Maelezo ya dakika mbili ndo yalikosekana.

La mwisho kwako, rudisha majibu. Sisi baada ya benchi tulibandika karatasi ya manila ukutani, mkono wa kushoto mlivyosema, mkono wa kulia tulichofanya, na pale tulipokuwa hatuwezi tuliandika hatuwezi kwa sababu fulani. Nauli tuliandika hatuwezi. Saa ya kufungua tulisogeza, nesi mmoja akawa anaingia saa kumi na mbili kwa zamu, na yule mwenzetu wa kidole hatukumwandika jina wala hatukumfukuza, mkuu alikaa naye pembeni, baadaye ikajulikana alikuwa anauguza mama na anafanya zamu mbili. Mara ya pili benchi lilipowekwa watu walilifuata wenyewe. Kuhusu mkubwa wako na sura zake, usibishane naye, mpelekee tu zile sura na rejista ya waliopotea kwenye karatasi moja, uziweke sambamba, unyamaze.

*Shkamoo shangazi. Mie niko methadoni mwaka wa pili hapa Dar, nlikuwa poa kabisa kwenye miligramu 80, naosha magari, nimepanga chumba. Mwezi ulopita wakanikuta na TB nkaanza dawa. Haijafika hata wiki mbili arosto imerudi, kila siku saa nane usiku naamka, miayo, mafua, jasho, vinyweleo vimesimama, miguu inacheza yenyewe mpaka asubuhi. Nikisema dirishani dozi haishiki naambiwa acha usanii, unatafuta stimu. Juzi wameleta fomu ya maoni, nkajaza "vizuri" kote maana jina langu lipo juu. Sijarudi kwenye unga ila jana nimeulizia valiamu mtaani. – Muosha magari*

Marahaba mwanangu. Yako imenifika mchana nikakujibu pale pale kwenye simu, hapa naiweka kwa ajili ya wengine walio kama wewe, na kwa ajili ya walioko dirishani wanaosoma huu ukurasa, najua wapo.

Hufanyi usanii. Kwenye dawa za TB kuna moja inaitwa rifampisini, ndo hiyo inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa. Inalifanya ini lichape kazi kupita kiasi, methadoni iliyotakiwa ikushike saa 24 inasagwa mapema, ikifika usiku imeisha. Inaanza siku chache mpaka wiki mbili baada ya kuanza vidonge, yaani pale pale uliponiambia. Baadhi ya dawa za zamani za virusi vya UKIMWI, nevirapini na efavirenzi, zinafanya hivyo hivyo. Hii imo kwenye miongozo, siyo siri, na dawa yake ni kupandishiwa dozi kwa hatua, daktari akikuangalia, wengine wanapanda sana na ni sawa.

Kesho usiongelee dirishani, pale kuna watu 60 nyuma yako na nesi anataka foleni isogee. Omba kumuona daktari au kesi meneja, nenda na vidonge vyako vya TB mkononi, na nenda na kipande cha daftari ulichoandika kila siku, dozi nimekunywa saa ngapi, miayo imeanza saa ngapi, nimelala saa ngapi. Sema hivi, "nimeanza rifampisini tarehe fulani, tangu hapo dozi inaisha saa nane usiku, naomba nipimwe arosto." Kuna kipimo chao cha dalili 11, wanaangalia mboni, mapigo, jasho, miayo, vinyweleo, huwezi kuigiza vinyweleo. Valiamu achana nayo kabisa, ikichanganyika na methadoni hasa sasa hivi wakikuongezea dozi inazima pumzi usingizini. Na TB usiache hata siku moja ukidhani ndo unatibu arosto.

Kuhusu ile fomu, sikulaumu. Ila nataka walioibuni waone walichokifanya, mtu yuko kwenye arosto ya kila usiku, amebakiza hatua moja kurudi maskani, na kwenye ripoti ya robo hii amehesabiwa kuwa ameridhika, kwa sababu tu ya mstari wa jina juu ya karatasi. Swali moja lisilo na jina, "dozi yako inakushika mpaka saa ngapi?" lingemkamata siku ile ile, yeye na kila mwenye TB kwenye foleni hiyo.

Kitu kimoja zaidi na hiki kiandike ukutani kwako. Dawa za TB utameza kama miezi sita. Siku utakayomaliza ini litaanza kupoa, ndani ya wiki mbili hivi ile dozi kubwa uliyopandishiwa itakuwa imekuzidi, na kuzidi kwake hakuji na miayo, kunakuja na usingizi mzito. Kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya kumaliza waambie tarehe, wakupangie namna ya kushusha, na kama wewe utasahau mpe hiyo tarehe yule unayeosha naye magari.